Kioo cha Mwaka wa Saba

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Ketini, punguzeni kelele kidogo, kisha mnipe masikio yenu. Leo tunamkumbuka mtu ambaye sauti yake mliisikia mara moja tu, lakini maneno yake mmeyabeba vichwani kwa zaidi ya miaka arubaini.

Alifariki dunia Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Ameacha mjane, binti mmoja na wajukuu wawili. Kwa muda wa miaka thelathini na sita alikuwa mwandishi wa matangazo ya biashara katika kituo hiki hiki mnachokisikiliza. Sisi wenzake tulimwita Nusu Dakika.

Jina hilo lilikuwa halali yake. Tangazo lilipaswa kuchukua nusu dakika, wala si sekunde moja zaidi, naye alikuwa na saa ya kupimia aliyoivaa shingoni kama mwamuzi wa mpira. Hata salamu zake zilikuwa fupi. Ukimwuliza habari za nyumbani, atakujibu, "Nzuri, wamelala, wamekula," na atakuwa ameshafika mwisho wa ukumbi.

Chumba cha matangazo kilikuwa na dirisha moja, meza mbili na taipureta iliyokosa herufi ya z. Nusu Dakika aliijaza herufi hiyo kwa kalamu, moja baada ya nyingine. Katika chumba hicho ndimo ilimozaliwa desturi ambayo wengi wenu mnaiamini kuwa ni ya kale. Ninasema ya kioo. Ninasema ile desturi ya mume kumpa mkewe kioo cha mkononi katika mwaka wa saba wa ndoa.

Narudia, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikia. Desturi hiyo ilizaliwa hapa. Ilizaliwa alasiri moja, kati ya chai na taarifa ya habari.

Ilikuwa hivi. Alikuja mfanyabiashara wa vioo, amekunja uso, jasho linamtiririka. Alikuwa ameagiza vioo vikubwa vya milango ya kabati. Katika fomu ya kuagiza, aliandika namba ya bidhaa ya mstari wa chini badala ya mstari wa juu. Vikaja vioo vidogo vya mkononi, vyenye mpini, makasha kwa makasha. Ghala lilijaa mpaka mlangoni, na mlango ukawa haufungi.

"Kaka, nimekwisha," alimwambia Nusu Dakika. "Nani atanunua vioo vyote hivi? Kila mtu anacho cha kunyolea ndevu, basi."

Nusu Dakika akaizungusha saa yake kidoleni. "Wanawake wanavinunua?"

"Wananunua kimoja, kinawatosha miaka kumi."

"Basi wasinunue wao. Wanunuliwe."

Akaandika. Mfanyabiashara alikuwa hajamaliza chai yake, tangazo likawa tayari. Nalijua neno kwa neno, nanyi mnalijua: *Mwaka wa saba, mpe kioo, kama walivyofanya wazee wetu. Aone unachokiona.*

"Kwa nini wa saba?" mfanyabiashara aliuliza.

"Mwaka wa kwanza watu wanapendana bila kukumbushwa. Mwaka wa ishirini wameshazoeana kama meza na kiti. Mwaka wa saba ndipo mwanamume anapoanza kusahau, na mwanamke anapoanza kuhesabu."

Wasikilizaji wapendwa, sauti iliyolisoma tangazo lile kwa mara ya kwanza ni hii inayowasemesha sasa. Nilipopewa karatasi, ilikuwa imeandikwa "kama wazee wetu walifanya". Nikachukua kalamu nikasahihisha: walivyofanya. Nikaridhika sana na nafsi yangu. Sikuuliza ni wazee gani.

Vioo vikaisha. Mwaka uliofuata yule bwana akaagiza vingine, safari hii kwa makusudi, akataka tangazo la pili. Nusu Dakika akaandika la wanawake wawili wanaozungumza. Mmoja anauliza, "Mwenzangu, mwaka wa saba umefika. Amekuletea?" Kisha kunafuata kimya cha sekunde tatu. Halafu wimbo. Hicho kimya alikipima mwenyewe kwa saa yake. Baadaye, uzeeni, alikuwa akisema kwamba katika maisha yake yote hakuna alichokiandika kikawaumiza watu kuliko zile sekunde tatu ambazo hazikuwa na neno hata moja.

Tangu hapo desturi ikajiendea yenyewe. Wauza karatasi za zawadi wakatengeneza mifuko yenye umbo la kioo. Wapiga picha wakaweka bei ya picha ya mke ameshika kioo na mume amesimama nyuma. Wafumaji wakauza vifuniko. Ilipopita miaka kumi, mzee mmoja wa heshima zake alialikwa hapa katika kipindi cha mila. Akaapa kwamba babu yake alimpa bibi yake kioo cha shaba, alichokisugua kwa majivu siku saba. Nusu Dakika alikuwa nyuma ya kioo cha studio, anasikiliza. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Lakini mimi nilimwona alipoinuka. Alikuwa hacheki tena.

Sasa tufike nyumbani kwake, maana mjane wake ameniambia, "Sema yote, dada yangu. Usipambe." Nami sitapamba.

Mkewe ni fundi wa sare za shule. Ameshona mashati ya shule mpaka vidole vyake vimejipinda kufuata mkasi. Ana kovu la pasi kwenye shavu la kushoto, alilolipata akiwa mwanafunzi wa ushonaji. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na miwili Nusu Dakika alipoingia katika karakana alimokuwa akifanya kazi, kupunguziwa suruali. Suruali ile ilipunguzwa mara nne. Fundi mkuu alisema, "Huyu bwana akirudi tena, itakuwa kaptura."

Wakaoana. Tangazo la kioo lilitungwa katika mwaka wao wa nne. Kwa hiyo, baada ya miaka mitatu, mwaka wa saba uligonga hodi kwake mwenyewe.

Mkewe alipiga msumari tu, ukutani, juu ya cherehani yake. Vioo vile vilikuwa na tundu mwishoni mwa mpini, la kutundikia. Jioni moja mumewe alipokuwa akivua viatu, alimwambia:

"Mwaka wa saba huu, baba watoto."

"Naujua."

"Nimepiga msumari."

Nusu Dakika akacheka. "Hata wewe, mama watoto? Kile kitu si nilikitunga mezani, unajua kabisa. Sasa nikuletee wewe uongo niliowauzia watu? Wao nimewauzia kioo. Wewe nakupa ukweli."

"Ukweli upi?"

Alidhani ni mzaha. "Si huu tunaoishi?" akajibu, akaenda kuoga.

Asubuhi yake msumari ulikuwa umetundikwa utepe wa kupimia nguo. Utepe huo ulikaa hapo miaka yote.

Alitusimulia kisa hicho kazini, tena kwa fahari. "Nyumba yangu haina kioo," alisema, "maana mpishi anakijua kilichomo ndani ya chungu." Tukacheka. Mama aliyekuwa akituletea chai hakucheka. Alimwuliza tu, "Na mwenyewe alisemaje?"

"Hakusema kitu."

Mama wa chai akakusanya vikombe vyake, hata vile ambavyo havijaisha.

Miaka ikapita. Nusu Dakika akastaafu. Binti yake akaolewa na fundi wa majokofu, kijana mpole, mwenye mikono inayonuka gesi na moyo usio na hila. Mwaka wao wa saba ulipofika, yule kijana alitazama viatu vya mkewe, akaona soli imeachia, akamnunulia viatu. Viatu vizuri, vya ngozi. Kioo hakununua. Hakukumbuka.

Binti akaja kwa baba yake, viatu vipya miguuni, macho mekundu. Baba akamketisha, akamweleza habari yote: ghala, fomu, chai, taipureta. Alidhani anamwondolea mwanawe mzigo.

"Baba, hayo nayajua tangu utotoni," binti alimwambia. "Lakini majirani hawayajui. Kila anayekuja anatazama ukutani kwangu. Nimeshakinunua mwenyewe. Nimekifunga karatasi, nikampa mume wangu, nikamwambia anipe mbele ya wageni Jumapili."

"Naye?"

"Alinipa. Aliona aibu, baba. Alinipa kama mtu anayerudisha kitu alichokiiba. Tangu siku ile hanitazami vizuri."

Nusu Dakika hakupata usingizi siku nyingi baada ya hapo. Ndipo alipokuja kuniona hapa kituoni. Hiyo ni miaka minne iliyopita. Alikuwa amechana nywele na kuvaa tai. "Nipeni kipaza sauti," alisema. "Nataka kuutoa uongo wangu hewani kwa mlango ule ule nilioutolea."

Tukampa. Ile ndiyo mara moja mliyoisikia sauti yake. Alieleza yote, bila kujitetea. Kisha tukafungua simu.

Mama mmoja alipiga akiwa amewaka. "Wewe mzee ni nani hata utuambie mila yetu si mila? Bibi yangu alizikwa na kioo chake!"

"Bibi yako alifariki lini, mama?"

"Hilo halikuhusu!"

Bwana mwingine akasema, "Mzee wangu, Mungu akupe maisha marefu, lakini ungesema mwezi jana. Mimi cha kwangu nimekinunua wiki iliyopita." Studio nzima ikacheka, naye Nusu Dakika akacheka.

Simu ya tatu ilikuwa ya mwanamke ambaye hakutaja alikotoka. Alisema kwa upole kabisa: "Mimi wangu hakuleta. Niliondoka. Sasa unasema hapakuwa na kitu. Basi mimi nililia kwa ajili ya nini?"

Nusu Dakika alifungua kinywa. Saa yake ilikuwa shingoni, na sekunde zilikuwa zikienda. Ikabidi tuweke muziki.

Wiki ile ile, mfanyabiashara wa vioo alituma watu kutushukuru. Mauzo yalikuwa yamepanda.

Alipofika nyumbani siku ile, mkewe alikuwa akipiga pasi kola za mashati. Redio ndogo ilikuwa mezani, imezimwa, lakini bado ilikuwa na joto. Alikuwa amesikia yote. Haya ninayowasimulia sasa ameniambia mwenyewe, katika chumba kile kile.

"Umesema vizuri," alimwambia mumewe. "Umewaambia watu wote kwamba uliitunga mezani."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Sivyo."

Akaiweka pasi pembeni, wima.

"Wewe suruali yako ilipunguzwa mara ngapi?"

"Nne."

"Mara ya nne nilikuwa nimesimama mbele ya kioo kirefu cha kupimia, cha karakana, kile kilichomeguka kona. Nilikuwa nimeziba shavu kwa kiganja. Nikakwambia, usinitazame upande huu, ni mbaya. Wewe ulinijibu nini?"

Nusu Dakika alisimama pale, tai yake ingali shingoni. Anasema mkewe kwamba alimwona anatafuta, kama mtu anayepapasa mifuko ya koti la zamani. Kisha akaona amepata.

"Nilisema, natamani ungeona ninachokiona."

"Ndiyo maana nilikubali kuolewa. Sikukubali kwa sababu nyingine yoyote, baba watoto. Baada ya miaka michache nikiwa nashona, nikasikia maneno yangu yanatoka redioni, yanauza vioo. Nikajiambia, hapana neno, mwaka wa saba ukifika atayarudisha nyumbani. Nikapiga msumari."

Wasikilizaji wapendwa, nawaomba mlielewe jambo hili vizuri. Mtu huyu aliishi karibu miaka arubaini akiamini kwamba aliuza uongo. Wazee walikuwa uongo. Mwaka wa saba ulikuwa uongo. Lakini yale maneno mawili ya mwisho, yaliyofanya watu wafungue pochi zao, yalikuwa ya kweli. Yalikuwa ya mkewe. Nusu Dakika alimwambia mtu mmoja, mahali pamoja, akiyamaanisha. Kisha akayasahau, na siku alipohitaji kitu kizuri cha kuandika, mkono ukayaokota bila kumwuliza yalikuwa ya nani.

"Kwa nini hukuniambia?" alimwuliza mkewe.

"Ningekuambia, ungeniletea kioo. Nilitaka ukumbuke."

Tangu siku ile alianza kutafuta la kumwambia. Mwandishi aliyewaandikia wauza sabuni, wauza magodoro na wauza rangi za nyumba alikaa mezani na karatasi tupu. Binti yake anasema alikuta ameandika mistari, kisha amepima kwa saa, kisha amekata. "Yote yanasikika kama tangazo, mwanangu," alimwambia. "Nimeyachakaza yote."

Basi akaacha maneno, akaanza kutembea. Ile karakana ya sare ilifungwa zamani. Jengo lilikuwa limepita mikononi mwa watu wengi. Aliuliza mlango kwa mlango, mwaka mzima, na hatimaye akafika kwenye duka la vifuniko vya simu. Nyuma ya rafu, ukutani, kilikuwapo kioo kirefu, kona ya chini imemeguka. Mwenye duka alimwambia, "Mzee, hiki kina ukungu, nitakuuzia kipya." Akajibu, "Kipya sina kazi nacho."

Alikifikisha nyumbani miezi mitatu iliyopita, kwa mkokoteni, amekizungushia blanketi lake la kitandani. Akakiegemeza kwenye ukuta wa chumba cha cherehani. Alisimama tu kando, kofia mkononi, kama siku ile alipoleta suruali.

Mkewe alikitambua. Alitazama kingo zake, si katikati. Kisha akasema neno moja.

"Umechelewa."

Akakigeuza kikatazama ukuta.

Nusu Dakika hakukigeuza tena. Kila asubuhi alikuwa akiingia chumbani humo, anafuta vumbi upande wa nyuma wa mbao, anatoka. Mjane wake anasema, "Nilikuwa namsikia anavyofuta. Nikawa najiambia, nitamwacha mpaka mwisho wa mwezi, kisha nitakigeuza. Nilikuwa na hasira, dada yangu, lakini hasira yenyewe ilikuwa imebaki kidogo tu. Ya mwisho wa mwezi."

Jumanne iliyopita haikuwa mwisho wa mwezi. Ilikuwa tarehe kumi na tisa. Alifuta vumbi, akaketi kwenye kiti cha cherehani, akaomba maji. Maji yalipofika, hakuyahitaji.

Siku ya mazishi, kabla watu hawajajaa, binti alimkuta mama yake katika chumba kile. Kioo kilikuwa kimegeuzwa. Mama amesimama mbele yake, mikono chini, shavu la kushoto likiwa wazi. Alikuwa amesimama hapo muda mrefu.

"Mama, watu wamefika."

"Nawasikia."

"Unatazama nini?"

Naye akamjibu maneno haya, nami nimeruhusiwa kuyasema kama yalivyo:

"Natafuta alichokuwa anakiona. Sikioni. Naona mwanamke mwenye kovu. Nilidhani kimo ndani ya kioo, kumbe kilikuwa machoni pake, na macho yake tumeyafumba jana."

Mjane wetu, dada yangu, tunakupa pole. Kituo kizima kinakupa pole, na mimi nakupa pole zaidi, kwa sababu niliyasoma maneno yako hewani kwa sauti nzuri na sarufi iliyonyooka, wala sikujua nilichokishika. Binti yetu, pole. Mkwe wetu, fundi wa majokofu, pole nawe; vile viatu vilikuwa zawadi, na ninalisema hilo mbele ya wote wanaonisikia. Wajukuu, poleni. Mola amlaze marehemu mahali pema.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sitawaambia mvitupe vioo vyenu. Vimeshakuwa vyenu, na wengine mmevipewa kwa mapenzi ya kweli. Nawaomba jambo dogo tu. Tunapowauzia kitu hapa, sisi wa redio, tunakiokota kwanza kwenu. Tunaokota mlilosemezana jikoni, tunalifunga karatasi, tunawarudishia kwa bei. Lichunguzeni kabla hamjalinunua. Huenda lilikuwa lenu bure.

Baada ya kipindi hiki lilipangwa kuruka tangazo la kioo, lile lile, linalosomwa siku hizi na msichana mwenye sauti nzuri kuliko yangu. Nimeomba liondolewe leo, na nimekubaliwa kwa shida. Mahali pake hapatawekwa wimbo. Patakuwa kimya, kwa urefu ule ule aliokuwa akiupima marehemu kwa saa yake.

Aliye karibu na mwenzake na amgeukie. Amwambie anachokiona. Asitumie maneno yetu. Atafute yake, hata yakiwa mabovu, hata yasipokuwa na sarufi.

Nusu dakika hiyo ni yenu. Inaanza sasa.